Ngazi Kumi na Moja za Saruji

Jumamosi, 14 Machi

Jumatatu tarehe tisa Machi, kati ya saa mbili na robo na saa tatu kasoro dakika kumi asubuhi, nilimpoteza wifi yangu katika chumba cha chini ya nyumba yangu, alikokwenda kufungua dirisha la hewa la uyoga. Dakika thelathini na tano. Naanza na namba kwa sababu watu wameshaanza kuzichezea. Kuna anayesema ilikuwa saa nne. Cheti cha kifo kinasema moyo. Wifi yangu alikuwa na miaka hamsini na mbili na alipandisha ndoo mbili za maji mlimani huku anasengenya, bila kupumzika wala kunyamaza. Moyo gani huo?

Daftari hili ni la uyoga: tarehe, mifuko iliyochipua, kilo zilizovunwa. Nimeligeuza, naandika kuanzia nyuma.

Tulikuwa na desturi yetu. Anayeshuka chini hupaza sauti, "Nashuka!" Aliyebaki juu hujibu, "Nimesikia!" Miaka kumi na sita, hatukukosa hata siku moja. Siku hiyo tulikuwa tumegombana. Uyoga ulikuwa umeanza kutoa mashina marefu na vichwa vidogo kama vifungo vya shati, na kila mkulima wa uyoga anajua maana yake: hewa nzito, dirisha limefungwa. Nikamwambia ni uvivu wake.

"Dirisha nafungua kila siku, wifi. Au unataka nikufungulie na masikio?"

"Fungua macho kwanza."

Akavua ndala zake za kijani pale mlangoni, akasema, "Nashuka!"

Sikujibu.


Jumapili, 15 Machi

Ndala bado zipo mlangoni. Sizitoi.


Jumanne, 17 Machi

Marehemu mume wangu alikuwa mchorongaji. Alifanya kazi na mitambo ya kutoboa ardhi kutafuta makaa ya mawe. Alikuwa akisema shimo usilolijua utangulize moto, ndipo ufuate wewe. Leo nimefunga mshumaa kwenye ufito mrefu, nikauteremsha ngazi kwa ngazi. Ngazi ni kumi na moja, nazihesabu kutoka juu. Mpaka ya tisa uliwaka vizuri. Ya kumi ukazimika. Haukufifia wala kupepea. Ulizimika kama mtu aliyekatwa kauli.

Nimerudia mara tatu. Ya kumi, ya kumi, ya kumi.

Hapo ndipo Fundi alipomkuta wifi. Fundi ni jirani yangu, fundi cherehani, nyumba yake iko kwenye bonde dogo chini ya uzio wangu. Alisikia nikipiga kelele. Mimi nilishashuka, miguu ikawa pamba, kichwa kinavuma. Alivuta pumzi moja ndefu, akanitoa mimi, akavuta nyingine, akamtoa wifi, ngazi kumi, mgongoni. Mimi nilipona. Mgongo wa Fundi haujapona. Kitandani hawezi tena. Analala kwenye mkeka, sakafuni.


Alhamisi, 19 Machi

Jua kali. Mshumaa umezimika ngazi ya kumi na moja.


Ijumaa, 20 Machi

Mawingu. Ngazi ya tisa.


Jumapili, 22 Machi

Kampuni ya gesi iliyochimba visima hapa kwetu imemtuma Injinia. Binti mdogo, buti kubwa, kofia ngumu kwapani, kidude cha njano kiunoni. Alinipa pole vizuri, kwa mikono miwili. Nikamkalisha, nikamtaka anieleze wanachokifanya huko chini, na asinieleze kama walivyotueleza mkutanoni.

"Mama, huku chini kuna makaa, lakini ni membamba na yako mbali sana, mita mia sita na zaidi. Hayachimbiki. Ila ndani yake kuna gesi ya methani, ile inayowaka. Imeyang'ang'ania makaa. Sisi tunasukuma hewa ukaa kwa presha kubwa. Makaa yanaipenda hewa ukaa kuliko methani. Yanaipokea, yanaiachia methani, na methani inatokea kisima cha pili. Tunapata nishati, na hewa ukaa inabaki imezikwa."

Mkutanoni wifi alisimama mbele ya watu wote akasema, "Kumbe makaa ni mwanamume! Kaja mgeni, wa zamani anaonyeshwa mlango!" Watu walicheka mpaka mwenyekiti akasahau alichotaka kusema. Injinia naye alikuwepo. Leo alikumbuka, akatabasamu, kisha akaona ndala, akaacha.

"Zinaingia ngapi, zinatoka ngapi?" nikamuuliza.

"Kwa kukadiria, mbili zinaingia, moja inatoka."

"Basi moja imekosa kiti. Inakaa wapi?"

"Inabanana humo humo, mama. Juu kuna mwamba mzito."

"Na mwamba ukiwa na tundu?"

Akasema matundu yote ya zamani yalizibwa kwa saruji na yameandikwa. Kisha akasema neno ambalo nadhani ndilo alilotumwa kuja kulisema: uyoga wenyewe hupumua na kutoa hewa ukaa, na mifuko mia nne ndani ya chumba kimoja yaweza kumuua mtu.

"Mia nne na kumi na mbili," nikamwambia. "Na imekuwemo miaka kumi na sita."

Nikamwonyesha mshumaa. Akaruka kama amekanyaga kaa la moto. "Mama! Ingekuwa methani ungelipuka wewe na nyumba!"

"Ningelipuka ningekuwa nimepata jibu."

Aliondoka bila kumaliza maji yake. Kidude cha njano amekisahau kwenye kiti. Kile kinachopima hewa na kulia ikiwa mbaya. Mtu hasahau kitu kinachofungwa kiunoni. Sijui nimweke upande gani.


Jumatano, 25 Machi

Wanasema uyoga. Sawa. Leo tumeutoa wote. Vijana wawili wa sokoni walikaa juu, mimi na kidude chini, feni inavuma, dakika tano ndani, kumi nje. Mifuko mia nne na kumi na mbili imemwagwa juani. Nilianza na mifuko arobaini uvunguni mwa kitanda, mjane, watu wakiniuliza kama nimekuwa mchawi wa kufuga kuvu. Miaka kumi na sita ya kazi imenyauka kabla ya saa tisa.

Mmoja wa vijana aliushika uyoga wenye shina refu akasema, "Mama, hii kama watu wanachungulia." Nikamwambia afanye kazi. Lakini ni kweli. Walikuwa wananyoosha shingo kutafuta hewa. Walinieleza mwezi mzima, nami nikamlaumu wifi.


Jumapili, 29 Machi

Chumba nimekiosha mara mbili. Hakuna unyasi, hakuna uyoga, hakuna panya. Kidude nakiteremsha kwa kamba. Leo kimelia ngazi ya tisa. Sauti yake nyembamba, inapanda juu kama mtoto anayeamshwa vibaya.

Sasa nani anapumua mle?


Alhamisi, 2 Aprili

Mvua ya kwanza. Kabla haijanyesha, saa tano, ngazi ya nane. Baada ya kunyesha na jua kutoka, ya kumi.

Nimepanga namba zote kwenye ukurasa mmoja. Hali ya hewa ikielemea kunyesha, gesi hupanda. Kukiwa kweupe, hushuka. Hewa ya juu ndiyo kifuniko. Kifuniko kikiwa chepesi, cha chini kinajitokeza. Tarehe tisa Machi nimeandika kwa mkono wangu upande wa mbele wa daftari: "Mawingu mazito, haikunyesha."


Ijumaa, 3 Aprili

Ya nane.


Jumamosi, 4 Aprili

Ya nane. Saa mbili na robo nilimsikia akisema "Nashuka." Nilikuwa nafagia. Sikuogopa. Nilijibu, "Nimesikia." Ufagio ulikuwa umeniponyoka mkononi bila mimi kujua.


Jumatano, 8 Aprili

Nimekwenda ofisini kwao na ukurasa wangu wa namba. Meneja alinisikiliza akiwa amesimama, dalili ya mtu asiyetaka ukae. Akasema timu itaundwa. Nikamuuliza timu ina watu wangapi na itaanza lini. Akasema nisiwe na haraka. Nikamwambia mwenye haraka ni mvua.

Injinia alinisindikiza nje. Pampu ya tatu, iliyo karibu na kwangu, inasikika hapo uani kama mtu anayekoroma.

"Hiyo mnajuaje kama inakwenda sawa?" nikamuuliza.

"Geji ya presha, mama. Makaa yakishanywa hewa ukaa yanavimba, njia zinabana, kwa hiyo presha inapanda polepole. Ikipanda ni kawaida. Mwezi wa pili wote ilipanda. Halafu mwezi wa tatu..."

Akaangalia kucha zake.

"Mwezi wa tatu ikafanyaje?"

"Nitakurudia, mama."

Hajanirudia. Mimi sikusoma zaidi ya darasa la saba, lakini najua puto. Likivimba linakaza. Likilegea ghafla, pana mahali hewa imepata pa kutokea.


Jumatatu, 13 Aprili

Ya saba. Nimelala kwa dada wa kanisani. Dirisha la hewa la chini halifunguki tena. Limekazwa na kutu. Kwa hiyo alikuwa anasema kweli kwamba analifungua kila siku. Lilianza kukwama siku alipoacha.


Jumatano, 15 Aprili

Jua la siku tatu mfululizo. Kidude kimenyamaza mpaka ngazi ya kumi na moja. Nikaamua ni leo. Nimewasha feni nusu saa, nikajifunga kamba kiunoni, Fundi juu ameshika ncha, mgongo umepinda kama kulabu.

"Ukianguka mimi sikuvuti tena," akasema. "Nitakata kamba nikashone nayo gunia."

"Ukikata nitakurudia usiku nikuombe vifungo."

Nikasema, "Nashuka." Wala sikumfundisha, akajibu, "Nimesikia." Nusura nipande nirudi.

Nilimwaga maji ya sabuni sakafu nzima, nikachuchumaa na tochi. Kwanza hakuna kitu. Kisha, katikati, chini ya pale palipokuwa na rafu ya tatu, povu likaanza kujiinua. Vipovu vidogo vidogo, vikajipanga duara. Duara kamili, upana wa sahani ya chai. Nikachokoa udongo kwa kisu, nikagusa chuma. Bomba. Limesimama wima kutoka ardhini, na mdomo wake unapumua taratibu, unatulia, unapumua.

Dakika nne. Nikapanda. Fundi aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia povu.


Alhamisi, 16 Aprili

Sikuandika.


Jumamosi, 18 Aprili

Ninaandika leo ili nisipate nafasi ya kupanga maneno.

Miaka ishirini na sita iliyopita wachimbaji wa kwanza walikuja kutafuta makaa. Mume wangu aliwachorongea mashimo sita. Makaa yakaonekana hayachimbiki, wakaondoka. Yeye akaachiwa kazi ya mwisho: kuziba kila shimo kwa saruji, mifuko kumi na moja kila moja, na kuandika kwenye daftari la kazi. Daftari hilo ninalo, ndani ya sanduku la chuma, chini ya vyeti. Nimelifungua jana. Mwandiko wake mzuri, wa kulala upande. "Shimo la nne, saruji mifuko 11, limezibwa."

Shimo la nne lilikuwa hapa. Kiwanja tulipewa kwa sababu ya shimo. Palikuwa pameshachimbwa, pameshasawazishwa. Akasema tutumie uchimbaji ule ule, tupate chumba cha chini, kitatufaa siku moja. Kikawa na ngazi nzuri za saruji. Ngazi kumi na moja. Mfuko mmoja kwa ngazi.

Mimi ndiye niliyekoroga. Kwa koleo, mimba ya miezi mitano tumboni, ile iliyoharibika. Nikamuuliza, "Na shimo?" Akasema, "Nimelijaza kokoto na udongo. Hapa nani atakuja tena? Makaa yenyewe hayachimbiki." Nikakoroga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba, tukajenga ngazi. Na miaka yote hii, kila mgeni nikimwonyesha mradi wangu nilisema, hizi ngazi nimezijenga kwa mikono yangu.

Mwezi mzima nimehesabu kifo cha wifi kwa ngazi zile zile.


Jumatatu, 20 Aprili

Nikisema, kampuni itapumua. Itasema, kumbe ni mumeo, na wewe mwenyewe ulikoroga. Cheti kitabaki moyo, na wifi atakuwa ameuawa na kaka yake. Nikinyamaza, namba zangu zinasimama peke yake, na zinatosha.

Ngazi ya nane.


Jumanne, 21 Aprili

Ya saba. "Nashuka." Nimesikia, wifi, nimesikia.


Ijumaa, 24 Aprili

Daftari la mume wangu lina ramani. Shimo la tano liko bondeni. Nimepima kwa hatua kutoka kwenye uzio: hatua thelathini na nane. Nimeishia kwenye ukuta wa chumba cha Fundi.

Nikaingia. Alikuwa anapinda suruali, redio inaimba. Nikamuuliza sakafu yake hii laini aliipataje.

"Alinipa mumeo. Hujui? Mifuko kumi na moja, bure. Akasema, jirani, imebaki kazini." Akaipigapiga kwa unyayo. "Haina hata ufa. Yule bwana alikuwa mtu."

Nikakishusha kidude kwenye mkeka wake, palipo na mto. Kilinyamaza. Nikakisogeza pembeni, sakafu inapokutana na ukuta. Kikalia.

Fundi akazima redio. "Kinasema nini?"

"Kinasema leo hulali hapa."

"Na nikalale wapi, dada, kwenye kabati? Kitandani siwezi, unajua."

"Kwangu. Chumba cha juu. Nimeshaunganisha meza mbili na godoro gumu juu yake. Utalala kama nguo inayosubiri pasi."

Alicheka, akashika mgongo. Kisha akaniangalia sana. Ni fundi; macho yake yamezoea kuona mshono ulipoachia. "Dada, wewe unajua kitu."

Nikamwambia. Palepale, nimesimama juu ya saruji ile. Nilimwambia vyote, hadi koleo. Aliokota vipande vya uzi sakafuni, kimoja kimoja.

"Kwa hiyo nilimbeba wifi yako kwenye ngazi zilizomuua," akasema, "nikaja kulala kwenye saruji ya shimo jingine."

"Ndiyo."

"Yale mengine manne yako wapi?"

Nikamwonyesha ramani. Kidole chake kilitulia kwenye la pili na la sita. Nyumba ni nyingi sasa pale. Alikunja suruali ambayo haijakwisha, akachukua mkasi na mto wake, akatoka mbele yangu.


Jumapili, 26 Aprili

Ya sita. Mvua kutwa nzima. Pampu inakoroma.


Alhamisi, 30 Aprili

Nimezunguka nyumba za shimo la pili na la sita, nikawaambia wapandishe watoto vitandani na waache milango wazi. Wengine wamenicheka. "Mama Uyoga amefiwa, mwacheni." Mzee mmoja akaniuliza nani kanituma. Nikasema wifi.


Jumapili, 3 Mei

Ya tano. Nilimpigia Injinia mara tatu, hapokei. Mara ya nne alipokea, hakusema neno. Nilisikia pampu ile ile nyuma yake. Nikasema, "Mwanangu." Akakata.

Simchukii. Hilo limenishangaza. Namwona mimi mwenyewe, na koleo mkononi, nauliza "Na shimo?" kisha naendelea kukoroga.


Jumatano, 6 Mei

Nakala ya barua. Barua yenyewe Fundi ameipeleka ofisini, akaiweka mkononi mwa Injinia, si mezani kwa meneja.

"Injinia, mwanangu,

Kidude chako ninacho. Hukukisahau, nami sikusema. Kwa hilo nakushukuru.

Naanza na langu. Shimo la nne na la tano hayakuzibwa. Mume wangu aliandika kwamba yamezibwa, na mimi nilikoroga saruji yake kwa mikono yangu kujenga ngazi. Mashimo mengine manne sijui. Daftari lake nimelifungasha pamoja na barua hii, usiamini hata mstari mmoja. Niwekeeni lawama ninayostahili. Nitaibeba, wala sitaigawa na marehemu asiyeweza kujitetea.

Lakini tundu lilikaa kimya miaka ishirini na sita. Halikumzuia mtu pumzi mpaka mliposukuma.

Sasa lako. Tarehe tisa Machi asubuhi, kabla ya saa mbili na robo, geji ya pampu ya tatu ilishuka au haikushuka? Kama ilishuka, ilitoka ngapi ikaja ngapi, na ulimwambia nani? Na kwa nini pampu inakoroma hadi leo?

Usiniambie timu. Usiniambie utanirudia. Mawingu yanakusanyika kuanzia Ijumaa jioni, na leo kidude kimelia ngazi ya nne. Nne zikiisha ni mlango wangu, na baada ya mlango wangu ni bonde zima. Pampu izimwe kabla ya mvua hiyo. Kuizima kunahitaji mtu mmoja aliyeona geji aseme ameiona.

Wifi yangu alisema neno moja akiwa mlangoni, akangoja nimjibu. Ndala zake ziligeukia kwangu. Nilikuwa na hasira, nilikuwa na hesabu zangu, nikaona kunyamaza hakumdhuru mtu. Najua kunyamaza huko kulichukua dakika ngapi. Wewe bado una muda mwingi kuliko niliokuwa nao.

Ijumaa tarehe nane Mei, saa sita kamili mchana, nitakuwa nimekaa juu ya ngazi, mlango wazi, Fundi shahidi. Njoo, au piga, au tuma namba tupu kwenye karatasi. Lakini iwe kabla ya saa sita.

Ilishuka, au haikushuka?"